Umekulia maji ya wapi?

Swali lenu la wiki hii, "Uliishindaje hofu ya daktari wa meno?", nililisoma asubuhi kabla sijaanza kazi na mpaka jioni halijanitoka. Najua wengi watawaandikia kuhusu sindano na ile mashine inayolia. Mimi nina jambo jingine. Sindano sikuwahi kuiogopa. Nimejifungua watoto wawili, sindano ya fizi itanitisha nini? Nilichokiogopa ni kufungua mdomo mbele ya mtu mwenye taa.

Nimekulia Arumeru, upande wa Maji ya Chai. Wanaopajua wameshanielewa. Meno yangu ya utoto yalikuwa meupe. Yalipong'oka, ya ukubwani yakaota yana weupe wa chaki, kisha yakageuka kahawia, na yale ya mbele juu yana vishimo ambavyo navihisi nikipitisha ulimi. Ni floraidi. Maji ya chemchemi na visima vya kuzunguka Mlima Meru yanapita kwenye miamba ya volkano na kubeba madini hayo kwa wingi. Mtoto akiyanywa wakati meno ya ukubwani yanajijenga ndani ya taya, jino linaota likiwa limeshaharibika, na magadi tunayotia kwenye makande yanazidisha. Hapo mswaki hauna la kufanya. Mdogo wangu aliyelelewa kwa shangazi Tanga ana meno meupe pe, na tumbo ni moja.

Kijijini haikuwa shida, maana darasa karibu zima tulikuwa hivyo. Kucheka na kiganja mdomoni nilijifunza Dar es Salaam, nilikokwenda kutafuta kazi. Na huko ndiko gego la chini, upande wa kulia, lilikoanza kuniuma. Nikafanya tunayofanya wote: karafuu, maji ya vuguvugu ya chumvi, panado, kisha amoksilini za duka la dawa bila cheti. Likitulia nashukuru Mungu, likirudi naanza upya. Asubuhi moja nikaamka shavu limevimba mpaka jicho linataka kuziba. Jirani yangu, mama mtu mzima, akanitupia khanga begani akanipeleka hospitali mwenyewe.

Chumba kile nakiona mpaka leo. Viti vya meno vilikuwa viwili, katikati pazia la kijani lisilofika chini, na mlango umeachwa wazi kwa sababu ya joto, kwa hiyo waliokaa kwenye benchi la nje walikuwa wanatutazama. Nikafungwa kile kikaratasi cha kifuani chenye mnyororo, taa ikashushwa. Daktari alikuwa kijana, mdogo kwangu. Nikafungua mdomo. Gego hakuliangalia. Aliangalia meno ya mbele, akayagonga kwa kile kioo kidogo, ti, ti, kisha akaita upande wa pili wa pazia: "Njoo uone hii." Akaja mwenzake, na nyuma yake dada mmoja wa mazoezi, wakainama wote watatu. Mdomo wangu uko wazi, mate yanajaa, siwezi kumeza wala kusema. Ndipo akaniuliza, kwa sauti ya kumsemesha kiziwi: "Dada, huko kwenu mswaki mnatumia kweli?" Kwenye benchi mtu akaguna.

Asubuhi ile nilikuwa nimepiga mswaki mara mbili, na shavu limevimba hivyo hivyo, mpaka fizi zikatoka damu, ili nisionekane mchafu. Lakini aliyenijia akilini pale kitini ni mama yangu. Mama alikuwa akitukagua meno kila usiku kwa mwanga wa kibatari, mmoja baada ya mwingine, na ambaye hajapiga mswaki hapandi kitandani. Niliona ametukanwa yeye. Nikafungua ule mnyororo, nikakiweka kikaratasi juu ya trei ya vyuma, nikasema, "Asante, dokta," nikatoka. Jirani akaniuliza, "Wamelitoa?" Nikatikisa kichwa. Ndani ya daladala sikusema neno mpaka tukashuka.

Sikurudi kwa daktari wa meno yeyote, hata nilipohamishiwa Dodoma. Gego likaendelea kuoza. Aliyekuja kulitoa ni daktari mwanamama, na kabla hajashika chombo chochote aliniuliza, "Umekulia maji ya wapi, mama?" Nikamwambia Meru. "Haya, hayo ya mbele ni maji, tuyaache. Tuone linalouma." Basi. Hofu yangu iliishia hapo. Maumivu hayakuishia hapo, kwani ganzi haikushika. Alinieleza kwamba penye usaha mwingi ganzi hufanya kazi kwa shida. Akaondoa usaha, akanipa dawa, nikarudi siku nyingine ndipo akaling'oa vizuri. Tangu hapo naelewa kwa nini wengi wanaosimulia mateso ya kiti kile ni waliochelewa, na masimulizi yao yanawachelewesha wengine.

Nilipoanza kuandika nilitaka kuwaambieni kwamba mgonjwa hana hofu ya kushinda, mwenye kazi ni daktari. Sehemu kubwa bado naamini hivyo. Yule kijana floraidi alifundishwa darasani, hakuna anayesomea meno nchi hii asiyeijua. Shirika la Afya Duniani linataka isizidi miligramu 1.5 kwa lita moja ya maji. Sisi kwa miaka mingi tuliruhusu hadi 4, na kwetu kuna visima vilivyozidi hata hapo. Haya hayakuwa ya kuulizia mswaki.

Lakini gego lile lingezibwa mapema ningekuwa nalo leo. Kwa hiyo siwezi kumwambia mtu asubiri mpaka apate daktari mwenye adabu. Nenda, hata ukijua utaaibishwa, na ukifika tu taja ulikokulia kabla hujafungua mdomo. Mwenye uwezo wa kuchagua daktari, achague. Mtoto ndiye nisiyemhesabu humo: yeye apelekwe kabla jino halijamuuma, na asitishiwe sindano nyumbani.

Mtaniuliza kuhusu rangi. Inawezekana kuyafunika meno kwa vifaa vyenye rangi ya jino, mimi sijayafunika. Fedha niliyokuwa nimeiweka kwa kazi hiyo nilimnunulia mama tanki la maji ya mvua, kwa sababu anaishi na wajukuu wawili ambao meno yao ya ukubwani bado yanajijenga. Nimemsisitiza kwamba hata ya kupikia yatoke humo humo, maana kuchemsha maji hakuondoi floraidi.

Msomaji wenu, Dodoma