Ini, nyongo na roho: Mvietnamu anapoishiwa ujasiri

Ni kweli kwamba kwa Wavietnamu ujasiri unakaa kwenye ini?

Kweli kabisa. Ini ni *gan*. Mwoga ni *nhát gan*, ini lake lina woga. Jasiri ni *to gan*, mwenye ini kubwa. Jirani yake ini ni nyongo, *mật*, na hofu ikizidi hupiga hapo: *sợ mất mật*, kuogopa hadi nyongo ikapotea, au *sợ vỡ mật*, hadi ikapasuka. Kama umewahi kupasua kuku, kisu kikateleza, maji yale ya kijani yakaenea kwenye nyama, unajua jinsi kitu kidogo vile kinavyoharibu chote. Nawasihi wanaotafsiri wasikimbilie kuandika "maini" wakadhani wamemaliza. Ini letu hukatwa na uchungu, maneno makali hutukata maini. Lao hupima ushujaa.

Mwenzangu wa Hanoi aliangusha simu, akaiokota nzima, akasema "hú hồn!" Alimwita nani?

Aliita roho yake mwenyewe. *Hú* ni kuita kwa sauti ndefu, *hồn* ni roho. Kwa imani ya jadi mtu hana roho moja: ana *hồn* tatu, pamoja na *vía*, roho ndogo zinazoshikamana na mwili, ambazo ni saba kwa mwanamume na tisa kwa mwanamke. Mshtuko huzitawanya, ndiyo maana aliyeshtuka husema *hết hồn*, roho zimeniisha. Akitishika zaidi, *hồn vía lên mây*, zote zimepaa mawinguni. Hatari ikishapita, huitwa zirudi. Siku hizi *hú hồn* hutamkwa kama sisi tunavyopumua na kusema "Afadhali!", lakini mimi nalipenda mno neno hili kwa sababu linamkumbuka mtu hata baada ya hofu, linamrudisha nyumbani.

Na yule aliyejigamba, siku ilipofika akarudi nyuma?

Mtaani watasema *lạnh cẳng*, miguu imepata baridi, au *rét* tu, yaani baridi kali. Kwetu naye ameingia ubaridi. Lipo pia *teo*, kusinyaa, na hapo Kiswahili kina jibu lililo tayari: amenywea.

Wanyama nao wamo?

Wamo. *Run như cầy sấy*, anatetemeka kama fungo anayekaushwa motoni. *Nhát như cáy*, mwoga kama *cáy*, kaa mdogo wa matope ya kingo za mito karibu na bahari. Watu wa pwani hawahitaji maelezo: maji yakitoka, ukipiga hatua moja mikokoni, kaa wote wameshaingia mashimoni, umebaki peke yako na matope.

Lipi naweza kulitumia bila kumuudhi mtu?

*Hết hồn*, maana unajisema mwenyewe. *Nhát như cáy* ni tusi. Usimwambie mtu ambaye hamjazoea kutaniana, na mkubwa wako usimwambie kamwe.