Risasi sita hazitoshi

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Mimi ni Mtanzania, naishi Houston, Texas. Huu ni mwaka wa pili najaza mwenyewe risasi za rivolva yangu, .38 Special yenye mtutu wa inchi 4. Jumamosi nilipima kasi kwa kile kipima kasi cha vihisi viwili. Vichwa ni vilevile vya uzito wa greni 158, baruti ileile, kipimo kilekile. Nilichobadilisha ni fataki tu. Fataki za zamani zilinipa 741, 758, 763, 770, 783 na 793, wastani futi 768 kwa sekunde. Fataki mpya: 752, 769, 777, 784, 795 na 803, wastani 780. Kuna duka linaniuzia hizo mpya 5,000 kwa bei nzuri. Ninunue? Halafu, mbona rivolva ya rafiki yangu, ya aina ileile na mtutu wa urefu uleule, inapiga risasi zangu hizohizo polepole kwa futi karibu 30?
Msomaji, Houston

JIBU: Marahaba mwanangu. Usinunue bado. Nimefurahi sana kuona umeniletea namba zote kumi na mbili. Wengi hunitumia wastani peke yake, na wastani peke yake haunisaidii kumjibu mtu.

Kwanza tuelewane maneno, maana Kiswahili chetu hutumia "risasi" kwa madini yenyewe, kwa kinachoruka, na kwa kitu kizima unachokitia kwenye silinda. Hapa nikisema kichwa, ni kile kinachotoka mtutuni. Ganda ni ile shaba inayobaki. Fataki ni kile kikombe kidogo nyuma ya ganda kinachogongwa na nyundo na kuiwasha baruti. Risasi ni vyote vikiwa pamoja.

Sasa zitazame namba zako. Katika kundi la zamani, risasi ya polepole kabisa na ya kasi kabisa zimepishana futi 52. Katika kundi jipya zimepishana 51. Yaani risasi zilizojazwa siku moja, kwa mkono mmoja, kwenye meza moja, zinapishana kwa zaidi ya futi 50, nawe unanionyesha tofauti ya 12 kati ya wastani mbili. Hiyo 12 imezama ndani ya 50. Zikitazamwa moja moja, risasi nyingi za "polepole" ni za kasi kuliko baadhi ya zile za "kasi".

Kuna jaribio nililokuwa nikiwafanyisha wanafunzi wangu nilipofundisha fizikia, na jana usiku nimelifanya kwa namba zako. Niliandika namba zote 12 kwenye vikaratasi, nikavikunja na kuvitia kwenye kofia. Nikachota sita bila kuangalia, nikatafuta wastani wake, nikaulinganisha na wastani wa sita zilizobaki. Nikavirudisha, nikatikisa, nikachota tena. Nilifanya hivyo mara 20. Mara 6 wastani zilipishana kwa futi 12 au zaidi, na kofia haina habari yoyote ya fataki. Lifanye mwenyewe ukiwa umekaa na chai yako. Tofauti ambayo kofia inaitoa yenyewe zaidi ya mara moja katika kila nne haistahili kulipiwa fataki 5,000.

Tatizo hili la vipimo vichache lilimsumbua William Sealy Gosset, aliyefanya kazi katika kiwanda cha bia cha Guinness, Dublin. Alikuwa na sampuli chache za shayiri na bia, akataka kujua ni lini tofauti ndogo iaminiwe. Jibu lake alilichapisha mwaka 1908 kwa jina la "Student". Ukipita kwenye hesabu zake, namba zako zinatoa jibu lilelile la kofia yangu.

Kwa mtawanyiko wako, ambao mashine yako huuandika SD na kwako ni kama 18, piga risasi 30 za kila aina. Hapo tofauti ya futi 12, kama ipo kweli, ina nafasi nzuri ya kuonekana. Ni silinda tano kwa kila fataki. Najua risasi 60 ni gharama na ni jioni nzima kwenye meza ya kujazia, lakini ni nafuu kuliko kununua katoni kwa kubahatisha.

Namna ya kuzipiga ina uzito kuliko idadi, na hapa niliwahi kuumia. Mwaka wangu wa tatu wa kujaza nilipima makundi mawili, moja asubuhi na jingine alasiri, nikamwandikia rafiki yangu kwa uhakika kwamba la alasiri lina kasi kwa futi karibu 40. Akabadilisha kila kitu kwa neno langu. Wiki iliyofuata nikarudia kwa kugeuza mpangilio, na lile lililoshindwa likashinda. Ilinichukua mwezi kugundua sababu: nilikuwa nainua bastola kwa namna mbili tofauti.

Ganda la .38 Special lilibuniwa mwishoni mwa karne ya 19, zama za baruti nyeusi, ambayo hujaza nafasi kubwa. Baruti ya leo ni kidogo tu, na mara nyingi zaidi ya nusu ya ganda hubaki wazi. Ukiinamisha mtutu kisha ukauinua taratibu, baruti imelala mbele, karibu na kichwa, mbali na fataki, na kasi hupungua. Baruti ikilala nyuma penye fataki, kasi hupanda. Nilipolipima jambo hili peke yake, kwa risasi zilezile, nilipata tofauti ya futi 47. Linganisha na 12 zako!

Kwa hiyo kabla ya kila pigo fanya kitendo kimoja kisichobadilika: mtutu ukiwa umeelekea shabaha, uinamishe kuelekea ardhi ya mbele yako, uinue polepole hadi usawa, piga. Usifanye kinyume chake kwa kuelekeza mtutu juu. Viwanja vingi havikuruhusu, na vina haki.

Usipige kundi zima la kwanza ndipo la pili. Weka risasi zenye fataki za zamani kwenye chemba tatu, yaani matundu matatu ya silinda, na zenye mpya kwenye tatu, kisha silinda inayofuata uzibadilishane. Chemba za rivolva hazifanani kabisa, kuna moja itakayopendelea kasi na nyingine itakayobana. Ukizichanganya hivyo, chemba, jua, joto la mtutu na uchovu wa mkono vinagawanywa sawa. Kipima kasi kiweke futi 10 hadi 15 mbele, moshi na mshindo visikidanganye, na usikisogeze mpaka umalize.

Rivolva ya rafiki yako haina ugonjwa. Kati ya uso wa silinda na nyuma ya mtutu kuna upenyo, kwa kawaida kama milimita 0.1 hadi 0.2, na gesi huvuja hapo kila unapopiga. Upenyo wake ukiwa mpana kuliko wako, au chemba na mtutu wake vikiwa na vipimo tofauti kidogo, futi 30 ni jambo la kawaida. Bastola ikiwa tupu, na umehakikisha mara mbili, pimeni kwa vile vibati vyembamba ambavyo mafundi wa magari hupimia nafasi ya plagi.

Kuna kitu hukukiuliza lakini siwezi kulala bila kukisema. Unapobadilisha fataki umebadilisha risasi, hata kama baruti ni ileile. Rudi kwenye kipimo cha kuanzia kilichochapishwa na mtengenezaji wa baruti yako, upande taratibu, na kamwe usiongeze baruti ili ufikie kasi uliyoiona kwa mwenzako. Kikomo cha shinikizo la .38 Special ni 17,000 kwa kipimo cha pauni kwa inchi ya mraba, cha .357 Magnum, risasi yenye nguvu zaidi, ni 35,000. Bastola ya .38 haijui kwamba ulikuwa unatafuta futi 20 tu. Na ile nafasi tupu ndani ya ganda inaweza kumeza baruti mara mbili bila kumwagika, kwa hiyo mulika tochi ndani ya kila ganda kabla ya kuweka kichwa. Ukisikia mlio dhaifu, acha. Usipige nyingine. Toa risasi zote na uangalie kama kichwa kimekwama mtutuni. Namwambia kila mtu hivi, na nitaendelea kumwambia.

Wasomaji wa Kenya na Tanzania, haya ninamjibu mtu aliyeko Texas, ambako raia huruhusiwa kujijazia risasi zake. Kwetu, kutengeneza risasi bila kibali ni kosa la jinai. Jaribio la kofia ndilo la kwenu, nalo linafaa hata kulinganisha mbegu mbili za mahindi.

Mwanangu, nunua pakiti moja ya fataki 100, inatosha kabisa. Andika daftarini kila namba pamoja na chemba ilikotoka, hata ile unayoona imeharibika, kisha nitumie zote 60. Ikiwa tofauti bado iko 12 au zaidi, tutazungumza habari ya hizo 5,000.