Magongo yanamuumiza mama mkono

Swali: Mama anatembelea magongo ya kwapani. Kifundo cha mkono kinamuuma, vidole vinakufa ganzi. Nifunge sponji? – Msomaji, Kondele, Kisumu

Jibu: Sponji ya godoro pekee italala upesi. Kwanza urefu: akisimama na viatu, mikono ikining'inia, kishikio kiwe usawa wa mkunjo wa kifundo. Kikizidi hapo, kifundo hupinda nyuma na kubana mshipa wa fahamu. Kisha kata tyubu kuukuu ya baiskeli, utepe wenye upana wa sentimita 3. Osha ule unga wa ndani, la sivyo utateleza. Zungushia kishikio ukivuta, kila mzunguko ufunike nusu ya uliotangulia, hadi kishikio chote kiwe na unene wa sentimita 4 hivi. Usizidishe, vidole vitashindwa kufumba. Ganzi ikibaki, amwone mtaalamu wa fiziotherapia. Huenda akafaa gongo la kulazia kigasha (mkono kati ya kiwiko na kifundo).