Jibu: Wapangaji wanne, luku moja, mbona hatupati D1?

Mkuu, umeuliza mbona nyie wapangaji wanne wa luku moja hampati umeme wa bei nafuu, wakati kila chumba kina taa, feni na simu za kuchaji tu. TANESCO hawahesabu familia, wanahesabu mita. D1, yaani kundi la bei nafuu, ni ya mita isiyozidi uniti 75 kwa mwezi, shilingi 100 kwa uniti kabla ya kodi na tozo. Kila chumba kikila uniti 35, mita inasoma 140, kwa hiyo mko T1, kundi la matumizi ya kawaida, shilingi 292 kwa uniti, nayo kabla ya kodi na tozo. Ndiyo maana buku linawapa uniti 2.8 badala ya 8 na ushee.

Submita (mita ndogo za kila chumba) alizofunga mwenye nyumba zinapunguza ugomvi wa nani kala umeme mwingi, ila hazibadilishi kundi la mita kubwa. Dawa ni kila mpangaji awe na mita yake, na mwenye nyumba ndiye wa kuomba. Kaeni naye mjue nani analipia kuunganishwa. Na ile 1,500 inayokatwa kwenye luku kila mwezi ni kodi ya jengo, mzigo wake yeye. Daini aipunguze kwenye pango.