Nimeacha sukari, mbona uzito uko palepale?

SWALI: Shikamoo mama. Niko Ujiji hapa Kigoma, nina miaka 34. Mama yangu ana kisukari na mimi nimenenepa, kwahiyo mwaka jana sukari nikaacha kabisa, chai naweka vile vidonge vya utamu, soda nakunywa zile za ziro, mchana nasukumia biskuti na pipi zisizo na sukari. Lakini uzito haushuki, tumbo linajaa gesi, na nguvu sina. Jirani anasema nihamie asali ya Tabora. Nifanyeje?

JIBU: Marahaba mwanangu, na hongera, kuacha sukari si kazi ndogo. Ila nimeisoma barua yako mara mbili nikitafuta chakula, sijakiona! Umetoa sukari ukaweka utamu mwingine, mwili haujapata kitu.

Mei 2023 Shirika la Afya Duniani lilishauri watu wasitegemee hivyo vitamu kupunguza uzito, maana kwa muda mrefu mafuta ya mwili hayapungui, na waliovitumia miaka mingi walionekana kupata zaidi kisukari cha aina ya pili na magonjwa ya moyo, ingawa haijathibitika kwamba vitamu vyenyewe ndio chanzo. Ushauri huo hauwahusu ambao tayari wana kisukari, kwahiyo mama yako usimnyang'anye vidonge vyake, aongee na daktari wake.

Gesi naishuku pipi. Soma lebo, ukikuta sorbitoli au maltitoli, yaani vitamu vinavyowekwa badala ya sukari, ujue utumbo hauzinyonyi vizuri, zinafika chini bakteria wanazichachusha, ukizidisha unaharisha kabisa. Na biskuti hata ikiandikwa haina sukari bado ni unga wa ngano, ukifika tumboni unageuka sukari hiyohiyo. Asali ya Tabora naipenda sana lakini karibu asilimia 80 yake ni sukari, jirani amekupotosha.

Sasa mwanangu wewe uko Kigoma, kwa nini ushinde na biskuti? Dagaa wa Kibirizi unawala na mifupa yao, hapo una protini, kalsiamu na vitamini B12 (na mama kama anameza metifomini, dawa ya kisukari, miaka mingi awale pia, hiyo dawa inaweza kushusha B12). Sombe, yaani kisamvu, ina nyuzinyuzi zinazokushibisha na kupunguza kasi ya sukari kupanda, ila iive vizuri. Mawese mekundu yana kitu mwili unachogeuza vitamini A, ila usiyaunguze mpaka yawe meupe, na weka kidogo maana mafuta yananenepesha. Ugali wa muhogo uwe kipande kidogo, mboga ndo zijae sahani.

Vidonge punguza taratibu, kama ni viwili weka kimoja, wiki ijayo nusu, chai itie mchaichai au tangawizi, ulimi utazoea.

Hiyo ya kukosa nguvu usiibebeshe chakula peke yake. Nenda kituo cha afya asubuhi kabla hujala, wakupime wingi wa damu na sukari, na uwaambie mama yako anaumwa kisukari.