Injini ya Altezza ndani ya Celica ya zamani: vipimo vinavyokosewa

Toyota Celica TA22 ya miaka ya 70 ambayo bodi lake halijaliwa na kutu ni gari la kuokolewa. Injini yake ya 2T, cc 1588, vipuri vyake Unguja ni vya kubahatisha. Ya Toyota Altezza mafundi wanaijua, nayo hukaa kwa urefu wa gari na kuzungusha magurudumu ya nyuma, sawa na ile ya zamani. Ila tazama namba ya chasisi kabla ya kutoa pesa. SXE10 ndiyo yenye 3S-GE, cc 1998, silinda nne, nguvu farasi 210 ikiwa na giaboksi ya mkono. GXE10 ina 1G-FE ya silinda sita kwa mstari, ndefu zaidi, na utatafuta nafasi ya redieta usiipate.

Nunua nusu ya mbele nzima ya Altezza: injini, giaboksi, kompyuta ya injini, pedeli ya mafuta, boksi la fyuzi na waya zote zisizokatwa. Injini iliyotolewa waya kwa msumeno ni rahisi sokoni na ghali gereji. Weka risiti na karatasi za forodha, maana namba ya injini kwenye kadi ya gari lazima ibadilishwe.

Usichomelee kitu mpaka injini na giaboksi zimeingizwa pamoja, zimeshikiliwa kwa jeki kutoka chini, na boneti inaweza kufungwa. Bandika vidonge vya udongo laini juu ya injini, funga boneti, fungua, pima unene uliobaki. Acha milimita 25 pande zote, kwa sababu injini hutikisika kwenye mipira yake. Angalia zaidi nafasi kati ya eksozi na fimbo ya usukani. Moto ukiikaribia, weka bati la kukinga.

Sampu (bakuli la oili chini ya injini) ikigonga mhimili wa mbele, kata sampu, usikate mhimili. Huo ndio unaobeba magurudumu, na ukidhoofishwa hata upimaji wa magurudumu hautashika. Sampu ikishaundwa upya, kinyonyeo cha oili kikae milimita 6 hadi 10 juu ya sakafu yake. Kikigusa, oili haipiti. Kikiwa juu sana, kwenye kona kali kinavuta hewa na beringi za krenki zinakufa.

Mabano ya injini yakatwe kwenye bati la milimita 6. Yashikishe kwa nukta chache injini ikiwa mahali pake, kisha itoe ndipo uchomelee kikamilifu. Joto huunguza mipira. Kabla ya kuwasha mashine ya kuchomelea, toa betri na uchomoe kompyuta.

Propela shafti, inayopeleka nguvu nyuma, ndipo kazi nyingi nzuri zinapoharibika. Ifupishwe na isawazishwe kwenye mashine, si kwa macho. Gari likiwa limesimama kwa magurudumu yake, pima mwinamo wa giaboksi na wa difu (gia za ekseli ya nyuma): viwe sambamba, tofauti isizidi nyuzi 1, na kila jointi isipinde zaidi ya nyuzi 3. Ukihisi mtetemo unaoongezeka kwa mwendo wa gari na si kwa mizunguko ya injini, rudi hapa kabla hujalaumu matairi. Difu ya Altezza usiifikirie: yenyewe ina magurudumu ya nyuma yanayojitegemea, Celica ina ekseli moja nzima.

Pampu ya kabureta husukuma petroli kwa shinikizo la psi 3 hadi 5. Injekta za 3S-GE, zinazonyunyiza petroli kwenye injini, zinataka zaidi ya 40. Kwa hiyo pampu, filta na mipira yote ya petroli vibadilishwe kwa vya shinikizo kubwa. Tangi la zamani halina kuta ndani, hivyo petroli ikiwa robo injini hukata kwenye kona. Dawa yake ni kitangi kidogo cha lita 1 au 2: pampu ya zamani inakijaza, pampu mpya inavuta humo, na petroli ya ziada inarudi tangini.

Sasa umeme, na hapa kisiwani naomba unisikilize kwa makini kuliko kote. Waya zilizosokotwa na kufungwa tepu hugeuka kijani kwa upepo wa chumvi. Kila kiungo kitiwe lehemu na kufunikwa mpira wa kubana kwa moto. Nyaya za ethi, zinazorudisha umeme kwenye hasi ya betri, ziwe nene: betri hadi injini, injini hadi bodi. Kwangua rangi mpaka chuma king'are, funga bolti, paka grisi juu. Halafu pima kwa mita kati ya hasi ya betri na bloku ya injini wakati stata inazungusha. Ikizidi volti 0.2, kuna ethi mbovu, na kompyuta itakupa makosa ya sensa ambazo ni nzima. Watu hununua sensa tatu mfululizo kwa ajili ya bolti moja yenye kutu.

Redieta iwe kubwa kuliko ya 2T, yenye feni mbili za umeme. Jaza maji pamoja na kipozaji (coolant) cha dukani, pua ya gari ikiwa imeinuliwa ili hewa itoke.

Breki ziimarishwe kabla ya safari ya kwanza, nayo iwe fupi, Mjini hadi Bububu na kurudi. Tazama uvujaji, kaza upya bolti za propela na za mabano, na baada ya kilomita 100 zikaze tena.