Barua kwa Mwanangu: Ni Nani Anayelipa?

Mwanangu mpenzi,

Assalaam alaikum. Umeniuliza kama Tanzania ilifanya sawa tarehe 2 Machi 2022, pale Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilipoilaani Urusi kwa kuivamia Ukraine, nchi 141 zikaunga mkono azimio, 5 zikalipinga, nasi tukawa miongoni mwa nchi 35 zilizojizuia kupiga kura. Unasema wenzako wa kazini hapo Dar es Salaam bado wanabishana juu ya kura ile kila vita vinapotajwa kwenye taarifa ya habari: wengine wanaona kwamba tuliuza haki kwa sababu ya ngano na mbolea, na wengine wanaona kwamba maskini hana nafasi ya kugombana na anayemuuzia chakula. Nawe unataka kujua baba yako yuko upande gani.

Kabla sijafika huko, nataka tuulizane jambo ambalo katika maelezo yako sikuliona likitajwa na upande wowote, nalo ni hili: ni nani anayelipa? Kila msimamo una bei yake, na bei hiyo kuna mtu anayedaiwa. Katika maisha yangu yote ya kazi hapa Kigoma sijaona msimamo wa bure. Nilichokiona mara nyingi ni kwamba anayeutangaza ni mmoja na anayeulipia ni mwingine kabisa, tena hakuulizwa.

Mwaka 1996 ulikuwa hujaanza shule, kwa hiyo unachokumbuka pengine ni kwamba Baba Biskuti, yule mfanyabiashara Mrundi, aliacha kuja nyumbani. Nadhani hatukuwahi kukueleza sababu. Tarehe 25 Julai mwaka ule Meja Pierre Buyoya alimpindua Rais Ntibantunganya kule Burundi, na tarehe 31 Julai viongozi wa kanda yetu walikutana Arusha wakaamua kuiwekea Burundi vikwazo vya uchumi. Kwa watu wengi hiyo ilikuwa habari ya redioni. Kwetu sisi ilikuwa kazi, kwa sababu Burundi haina bahari, na shehena yake nyingi ilishuka Dar es Salaam, ikapanda treni ya reli ya kati hadi hapa, ikapakiwa melini kwenda Bujumbura. Viongozi waliamua Arusha, lakini waliofunga mlango kwa mikono yao ni watu wa gati la Kigoma, na mimi nilikuwa karani wa mizigo pale.

Mabehewa yaliyokuwa njiani yaliendelea kuwasili kwa muda, kwa kuwa treni ilikwisha kuondoka, na mizigo ikapangwa ghalani hadi karibu na paa. Baba Biskuti alikuwa na mifuko ya mbolea humo. Aliinunua kwa ajili ya wakulima wa Rumonge kule Burundi, ambao wengi walikwisha kumlipa nusu ya bei, na alitegemea kuifikisha kabla ya mvua za Septemba. Alinijia ofisini na karatasi zake zote zikiwa sawa, za forodha, za ushuru na za reli, akaziweka mezani moja moja. Nilimwambia kwamba amri haichagui karatasi. Akaniambia, bila kupandisha sauti, kwa Kiha chake cha Kirundi: “Wanajeshi hawali mbolea.”

Sentensi hiyo bado inanichoma, nami sijapata jibu lake hadi leo. Dawa ziliruhusiwa kupita mapema, lakini mbolea ya mfanyabiashara haikuruhusiwa. Kiangazi kilipokwisha unyevu wa ziwa ukaingia ghalani, na mbolea, kama unavyojua, hunywa maji hata hewani. Nilikuwa nikipita nabonyeza mifuko kwa kiganja. Mwanzo ilibonyea, baadaye ikawa na vibonge, kisha ikaganda kuwa mawe, na maji yenye chumvi yakawa yanachuruzika kwenye sakafu na kula kulabu za vibarua. Viongozi walipolegeza vikwazo mwezi Aprili 1997 na kuruhusu vyakula, vifaa vya shule na pembejeo za kilimo, misimu miwili ya kupanda ilikwisha kupita. Mafuta ya petroli yaliendelea kukatazwa, lakini kila mtu wa mwambao huu anajua kwamba petroli ilifika Bujumbura kwa njia za panya, kwa bei ya walanguzi, na walioweza kuinunua ni wale wale wenye bunduki na magari. Waliolengwa waliendesha magari, na mkulima wa Rumonge akapanda mahindi bila mbolea. Bandari nayo ikalala, vibarua wakarudi vijijini, na mama yako ndiye aliyetulisha kwa mawese na dagaa. Uliza nani analipa, mwanangu. Mimi niliona kwa macho yangu.

Ningeishia hapo ungedhani nimekwisha kujibu, na kwamba naona vikwazo vile vilikuwa dhuluma. Sivyo, na hapa ndipo ninapogombana na nafsi yangu. Miezi ile ile tuliyokuwa tukibishana juu ya mbolea, Warundi walikuwa wakivuka mpaka kuja Kasulu na Kibondo, na kufikia mwaka 1997 kambi za mkoa wetu, Mtabila, Muyovosi, Kanembwa na nyinginezo, zilikuwa na watu zaidi ya laki mbili kutoka Burundi. Walisimulia jinsi jeshi lilivyokuwa likiwakusanya wanavijiji kwa nguvu kwenye kambi za milimani, na jinsi waasi nao walivyokuwa wakichinja. Rais Ndadaye aliyechaguliwa na wananchi alikuwa ameuawa na wanajeshi mwaka 1993. Je, tungeendelea kupakia meli na kuhesabu magunia kana kwamba ng’ambo hakuna kinachotokea? Mwalimu Nyerere, aliyekuwa msuluhishi, alivitetea vikwazo kwa nguvu zake zote, na siwezi kusema kwamba havikuzaa kitu: mwezi Septemba 1996 Buyoya alirudisha Bunge na kuruhusu vyama vya siasa, mwaka 1998 mazungumzo yakaanza Arusha, vikwazo vikasimamishwa Januari 1999, na mkataba ukatiwa saini Agosti 2000, Mwalimu akiwa ameshafariki na Mzee Mandela akiwa ameishika kazi yake. Ni kiasi gani cha hayo kilitokana na mlango tuliofunga, na ni kiasi gani kilitokana na uchovu wa vita? Nimelipima jambo hili usiku mwingi na mizani haijatulia.

Tofautisha na mambo mengine tuliyoyapitia kama taifa. Mwaka 1965, Ian Smith alipojitangazia uhuru wa walowezi kule Rhodesia, Zimbabwe ya leo, na Uingereza ikasitasita, Tanzania ilivunja uhusiano wa kibalozi na Uingereza mwezi Desemba, na mkopo wa pauni milioni 7.5 tuliokuwa tumeahidiwa ukazuiwa. Ulikuwa msimamo wa haki, na aliyeutangaza ndiye aliyekosa mkopo. Baada ya vita vya Kagera tukaambiwa tufunge mikanda kwa miezi 18, na babu yako, ambaye alipanga foleni ya sukari na sabuni hapa Ujiji, hakulalamika hata siku moja, kwa sababu aliamini kwamba mkanda umefungwa na wote. Mikanda ile ilifungwa kwa miaka, si miezi, nalo hilo ni kweli. Lakini yeye alijua kwa nini analipa. Mkulima wa Rumonge hakujua, na hakuwa ametangaza lolote.

Ndiyo maana sikubaliani na wenzako wanaodhani kwamba haki iko upande huu na fedha upande ule. Mbolea si fedha tu. Mwaka 2022 bei ya mfuko mmoja iliwashinda wakulima wa Kasulu hadi Serikali ikatenga ruzuku ya shilingi bilioni 150. Mtu anayehofia kwamba watoto wake watakosa chakula haweki uchumi mbele ya haki, kwa sababu chakula cha watoto nacho ni haki. Tena wale wa Ulaya waliotunyooshea kidole kwa kujizuia waliendelea kununua mafuta na gesi ya Urusi huku wakitangaza vikwazo, na mafuta ghafi yanayopitia baharini walianza kuyazuia Desemba 2022 tu, walipokwisha kujiandaa. Sikuwalaumu, walikuwa wanawafikiria wazee wao wakati wa baridi. Ila wangetufikiria na sisi hivyo hivyo.

Lakini kuna hoja inayonibana, nami siwezi kuificha kwako. Kura ya Machi 2022 haikuwa vikwazo. Hakuna ghala lililofungwa kwa kura ile. Kenya iliunga mkono azimio na bado ngano ya Urusi iliendelea kuingia Mombasa. Kwa hiyo nikiuliza nani angelipa, huenda jibu ni kwamba hakuna aliyekuwa anadaiwa, na kama ni hivyo, ngano haiwezi kuwa udhuru wetu. Balozi wa Kenya, Martin Kimani, alisema katika Baraza la Usalama mwezi Februari, siku chache kabla ya uvamizi, kwamba Afrika iliikubali mipaka iliyoachiwa na wakoloni ingawa haikuichora, kwa sababu kuichora upya kwa damu kusingekuwa na mwisho. Maneno yale yalinigusa, kwa kuwa sisi Waha tunasikilizana na Warundi bila mkalimani na bado tumeuheshimu mpaka. Azimio la Umoja wa Nchi Huru za Afrika juu ya mipaka, lililopitishwa Cairo mwaka 1964, lilipelekwa na nchi yetu wenyewe. Mtoto wa nchi hiyo anajizuiaje jirani mkubwa anapovuka mpaka wa mdogo kwa vifaru? Wenye kujibu watasema kwamba hatufungamani na upande wowote, na kwamba anayetaka kusuluhisha kesho asilaani leo. Nayajua majibu hayo, na baadhi yake nayaheshimu. Hata hivyo Mwalimu alikuwa msuluhishi wa Burundi na wala hakunyamaza.

Unaona jinsi mkono unavyonivuta kuandika hukumu. Nitajizuia, ingawa kwa shida, kwa sababu wewe ndiwe uliyeulizwa na wenzako, na sitaki ubebe jibu langu mezani kwao kabla hujalipima mwenyewe. Ninachokuomba ni kwamba kila atakayesema “tungesimama” au “tungenyamaza”, umwombe amtaje mtu atakayelipa, na aseme kama mtu huyo amekwisha kuulizwa.

Mama yako amesoma barua hii na hakubaliani nami. Anasema wanawake wa Mtabila waliokuwa wakinunua dagaa kwake walimwambia kwamba wangekubali njaa ya misimu miwili mradi tu mtu fulani aseme hadharani kwamba wanauawa, na kwamba nilikuwa nikiwasikiliza wenye mizigo kuliko wasio na mizigo. Nimemwambia akuandikie mwenyewe, naye ameahidi kufanya hivyo baada ya Idi.

Wako akupendaye,

Baba